Rangi Haizibi Ufa



Kila nikija Unguja kusalimia, mashoga huniuliza, "Huko Mwanza unafanya kazi gani?" Nikijibu kuwa napaka rangi, wengine hudhani ni kucha, wengine hina, wengine kuta za nyumba. Nikisema napaka rangi manifoldi za ekzosi za magari, kicheko kinaanza. Leo nataka niieleze kazi hii vizuri, kwa sababu imenifunza jambo ambalo naona kila bi harusi angepaswa kulisikia kabla ya siku ya nikaha.

Nimeolewa Mwanza, mji wa miamba kando ya Ziwa Viktoria. Mume wangu ni fundi wa injini, gereji yake iko upande wa Nyakato, barabara ya Musoma. Mimi niko nyumbani na watoto na mama mkwe. Ana kawaida akifungua injini kubwa, vipande vyake vingine vinakaa siku mbili tatu vikisubiri kusafishwa, na vijana wake hawana subira na kazi ya msasa. Siku moja mama mkwe aliniangalia ninavyomchora wifi hina, mstari mwembamba bila mkono kutikisika, akasema, "Mwanangu, mkono huu hata chuma kitautii." Basi kazi ikaanza hivyo, uani kwetu, chini ya mwembe, mlango umefungwa na sitara yangu iko palepale.

Kwa wasioijua: manifoldi ya ekzosi ni kipande cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini, pale moshi unapotokea kwenye silinda. Injini ya silinda nne ina midomo minne, inaungana kuwa njia moja, kisha bomba linapita chini ya gari mpaka nyuma. Kwenye gari nyingi za kawaida ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kizito kama kinu. Wapenda magari ya mbio huweka mabomba yaliyokunjwa na kuchomelewa, wao huyaita heda. Kazi ni ileile, kukusanya moshi wa moto na kuutoa salama nyuma ya gari, mbali na waliokaa ndani.

Moto wake si mchezo. Gari likipanda mlima na mzigo, chuma hicho hupita nyuzi joto 500 za Selsiasi, na injini ikilazimishwa sana huwa chekundu kama kaa kwenye chetezo. Rangi ya kawaida, hata iwe ya bei kubwa namna gani, hapo inaungua na kubabuka siku hiyohiyo. Ndiyo maana ipo rangi maalumu ya joto kali. Nyingi zimetengenezwa kwa gundi ya silikoni iliyochanganywa na unga wa alumini au vitu vya jamii ya kauri, na makopo mengi yameandikwa kwamba yanastahimili kiasi cha nyuzi 600. Zipo zinazoahidi zaidi ya hapo.

Mtu atauliza, kipande kilichojificha chini ya boneti kinapakwa rangi cha nini? Ni kwa sababu ya kutu. Kwetu Unguja tunajua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Ziwa letu huku ni maji baridi, halina chumvi hiyo, lakini mvua na matope yanayorukia chuma cha moto yanatosha kukichakaza. Isitoshe, magari mengi tunayotumia yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na sehemu za huko zenye theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, kwa hiyo mengine yanatufikia na kutu tayari tumboni. Kutu ikizidi, boliti zinagoma kufunguka, zinakatikia ndani, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Sasa njooni kwenye kazi yenyewe. Kupuliza rangi ni dakika chache tu, maandalizi ndiyo yanayokula siku. Kwanza naondoa kutu yote kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane kijivu kitupu. Halafu naosha mafuta kwa thina, mara mbili na mara tatu, maana chuma cha kumiminwa kina vinyweleo vinavyokunywa oili. Baada ya hapo sikigusi kwa mkono mtupu, hata alama ya kidole ina mafuta, na pale ilipo rangi haitashika. Naziba midomo na sehemu inayokaa gasketi ili rangi isiingie. Ndipo napuliza, tabaka jembamba, linakauka, tabaka lingine jembamba. Anayetaka kumaliza kwa mkupuo mmoja mnene atapata malengelenge.

Hapo bado rangi haijawa rangi. Ukiikwaruza kwa ukucha inatoka. Inataka moto ndiyo ikomae, na moto wenyewe unapandishwa kwa hatua. Maelekezo tunayofuata sisi yanasema nusu saa kwenye nyuzi 120 hivi, ipoe nusu saa. Nusu saa tena kwenye nyuzi 200, ipoe. Kisha nusu saa kwenye nyuzi 315. Nanyi mkiona hivyo msikimbilie oveni ya jikoni, moshi wake hautakiwi karibu na chakula. Mume wangu hukifunga kipande kwenye injini, akaiwasha dakika chache bila kuikanyagia mafuta, akazima ikapoa, akarudia kwa muda mrefu zaidi, na mara ya tatu zaidi tena. Wanaojua chungu kipya wataelewa, hakitiwi moto mkali siku ya kwanza. Nami huvaa barakoa na glavu na kupulizia nje penye upepo, na wakati wa mimba zangu sikulishika kopo kabisa. Hilo niliwaachia vijana wa gereji.

Hiyo ndiyo kazi, na ni riziki ya halali, Alhamdulillah. Sasa niwasimulie mtihani wake.

Kuna dalali wa magari aliyekuwa akituletea kazi nyingi. Karibu theluthi ya mapato yangu ya rangi ilikuwa mkononi mwake. Alikuja na manifoldi ya Noah, imejaa kutu, akataka ipakwe rangi ya fedha, ing'ae, kwa sababu mteja anakuja Jumamosi kuliangalia gari. Nikaanza kusugua kama kawaida. Kutu ilipotoka, karibu na mdomo wa tatu nikaona mstari mweusi wa masizi, mwembamba kama uzi. Nikausafisha. Nilipokagua vizuri, nikaona kuwa ni ufa, tena umepita mpaka ndani.

Dada zangu, ufa pale si aibu ya sura tu. Moshi wa injini ya petroli una hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hiyo mwili unakosa pumzi huku mtu akivuta hewa. Manifoldi ikivuja, moshi huo unatokea chini ya boneti badala ya nyuma, na unaweza kuingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa. Abiria anaumwa kichwa, anasinzia, kichefuchefu, anadhani ni uchovu wa safari. Vioo vikiwa vimefungwa na safari ikiwa ndefu, mtu anaweza kufa.

Mume wangu akampigia dalali. Akamweleza kuwa kuchomelea chuma cha namna ile kunataka kukipasha moto kwanza, kutumia vijiti vya nikeli na kukipoza taratibu, na hata hivyo mara nyingi kinapasuka tena. Bora atafute manifoldi nyingine nzima, hata iliyotumika. Dalali akakataa, akasema gharama itamla faida. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linanirudia: "Mimi sikukuambia uuze. Nimekuambia upake rangi. Dhambi ni yangu."

Nakiri lilitutikisa, maana lina sura ya ukweli. Kazi yangu ni rangi. Sikuandika tangazo, sikumwambia mnunuzi neno. Na wakati huo ada ya skuli ilikuwa inadaiwa na kodi ya gereji imekaribia. Tulikaa usiku ule tukizungumza, mume wangu na mimi, na mama mkwe yuko kwenye mkeka wake anavuta tasbihi. Akatusikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Watakaopanda gari hilo ni nani?"

Tukakumbuka kisa cha Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, tulichofundishwa tangu chuoni, nacho kimo katika Sahihi Muslim. Alipita sokoni akaingiza mkono katika fungu la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, akabainisha kwamba anayeghushi si katika sisi. Angalieni, yule bwana hakusema uongo. Alipanga tu nzuri juu na mbovu chini, na hiyo ndiyo kazi hasa niliyokuwa naombwa niifanye kwa kopo la rangi. Na Suratul Maida, aya ya 2, inatukataza kusaidiana katika dhambi. Msaidizi ametajwa, hakuachwa nje.

Asubuhi mume wangu akamrudishia dalali chuma chake kikiwa kimesafishwa, ufa unaonekana, hatukuchukua hata shilingi. Naye akaondoka nacho kwa hasira.

Kumbe mtihani ulikuwa bado. Siku mbili baadaye ikajulikana kwamba Noah lile linaangaliwa na familia tunayoijua, ambao binti yao anasoma darsa pamoja na wifi yangu. Walitaka kulinunua kabla ya harusi, limpeleke bi harusi Sengerema kwa wakwe zake, kisha liwe gari la familia. Tukaulizana, tuseme au tunyamaze? Tukisema, si tunamteta mtu? Si ghiba hiyo?

Mama mkwe akaenda kumuuliza ustadhati wetu wa darsa ya kina mama. Akamjibu kwamba Imamu Nawawi katika Riyadhu Swalihina ametaja hali sita ambazo kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa, na mojawapo ni kuwaonya Waislamu na kuwanasihi, kama mtu anapotaka kuoa, kushirikiana au kufanya biashara na mwingine. Lakini akampa na mpaka wake: sema kinachohitajika tu, usiongeze, wala usifurahie.

Basi mama mkwe akajifunga mtandio, akaenda kwa mama wa bi harusi. Hakumtaja dalali, hakumtukana mtu. Alisema, "Kabla hamjalipa, mpelekeni fundi wenu. Mwambieni atoe lile bati la kukinga joto aiangalie manifoldi." Maneno hayo tu, akanywa chai akarudi.

Fundi wao alikwenda. Manifoldi ilikuwa imeshapakwa rangi kwingine, inang'aa kama sinia. Lakini aliomba injini iwashwe asubuhi ikiwa baridi, akasikia mlio wa tik-tik-tik unaopungua kadiri chuma kinavyopata moto na kutanuka, na kwenye rangi mpya masizi yalikuwa yameshaanza kuchora mstari palepale. Wakaliacha gari. Bi harusi alipelekwa Sengerema kwa Hiace ya kukodi, wakavuka kwa kivuko cha Kamanga, vigelegele mpaka ng'ambo. Nasi tulikuwemo.

Sitawadanganya kwamba kesho yake riziki ilimiminika. Dalali hakurudi, na aliwaambia wenzake kwamba mke wa fundi ana mdomo. Kazi zilipungua miezi mingi. Nilikaanga maandazi na kuuza, tukalipa ada kwa mafungu. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba usiku nililala, na nilipomwona yule binti baadaye na mtoto wake mgongoni, sikuwa na haja ya kukwepesha macho.

Sasa nije kwenu, mabinti. Tangu siku ile, nikisikia mtu analeta posa, akili yangu inakwenda kwenye rangi na ufa.

Kujipamba si kughushi. Singo, hina, udi, nguo mpya, hayo ni mazuri, na kitu kizima kinastahili kupendezeshwa. Hata kutu si ufa. Mtu aliyekosea zamani, akatubu kwa Mola wake, akajisafisha, huyo kutu yake imesuguliwa. Allah amemsitiri, naye hatakiwi kujifedhehesha kwa kusimulia dhambi zake kwa mchumba wala kwa wakwe. Wala wewe usimchimbe. Chuma kilichosafishwa mpaka kijivu na kupakwa vizuri, hicho ni chema, hakuna anayedhulumiwa.

Ufa ni kile ambacho mwenzako atakuwa anakipanda kila siku bila kukijua. Maradhi ya kuambukiza. Mke mwingine aliye mji mwingine. Watoto wanaofichwa. Madeni yanayodaiwa. Mkono wa kupiga. Ulevi ambao bado unaendelea. Hayo hayawi salama kwa kupakwa maneno mazuri kwenye barza siku ya posa. Rangi itakaa mpaka injini ipate moto, na ndoa haikosi siku za moto.

Fatima binti Qays, radhi za Allah zimshukie, alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm alikwenda kwa Mtume kutaka ushauri. Mtume hakumpaka mafuta. Alimweleza kuwa mmoja hana mali, na mwingine fimbo haitoki begani mwake, akamshauri aolewe na Usama. Mwanzo Fatima hakulipenda shauri hilo, kisha akalikubali, akaona kheri ndani yake. Bora wa viumbe alitaja aibu za watu wawili kwa sababu mwanamke alikuwa karibu kuingia nyumbani kwa mmoja wao. Kwa hiyo, shoga yangu, kuuliza si ukosefu wa adabu. Waulize majirani zake, waulize anaofanya nao kazi, mwambie walii wako aulize msikitini kwake. Na wewe unayeulizwa, ukijua jambo lenye madhara, sema kwa ufupi kama alivyosema mama mkwe wangu, kisha unywe chai yako urudi kwako.

Na kwa wale ambao mwaka huu mtanunuliwa gari, au mtakodi la kuzunguka na bwana harusi, nawapa na haya ya fundi. Lisikilizeni injini ikiwa baridi, si baada ya mwenye gari kuliwasha kabla hamjafika. Mlio wa tik-tik unaopungua joto likipanda, ulizeni. Tazameni kama kuna masizi meusi kwenye maungio ya manifoldi. Ukiona kipande hicho tu kinang'aa rangi mpya na vilivyokizunguka vyote vina vumbi, usikimbie, lakini uliza kwa nini. Na mkiwa safarini watu zaidi ya mmoja wakaanza kuumwa kichwa na kusinzia, simamisheni gari, shukeni nyote, mvute hewa ya nje na mtafute hospitali.

Mpaka leo nasugua na kupaka. Nikikuta ufa, nampigia mwenye gari kabla sijafungua kopo, na mume wangu anamweleza njia zilizopo. Wapo wanaonuna, wapo wanaoshukuru.

Allah azitie baraka ndoa zenu, awajaalie wenza walio wazima ndani kama wanavyopendeza nje, na atufanye sisi wenyewe kuwa hivyo. Amin.